Mwimbishaji wa Kizota

Mume wangu Matonya ni fundi wa kuchomelea mageti hapa Kizota. Nasema "ni", maana ulimi wangu haujazoea kusema vingine. Mageti mengi mnayoyaona kuanzia kwetu hadi njia ya Nala, yale yenye maua ya nondo juu, yamepita mikononi mwake. Lakini ukija Kizota ukamuulizia Matonya fundi, watu watakuna vichwa. Muulizie Matonya mwimbishaji, hata muuza maji atakushika mkono akulete mpaka mlangoni kwetu.

Mwimbishaji wa nini? Wa mbio za Jumamosi. Serikali ilipohamia Dodoma wafanyakazi walikuja na vitambi vyao, tusifichane jamani, na kila mtaa ukaanzisha klabu yake ya mbio. Mwenyekiti wa klabu yetu ni Gerson, afisa wa wizara, mtu mpole ambaye hawezi kukuomba chumvi bila kusema "naomba" mara mbili. Wanavaa fulana za njano, wanakimbia alfajiri huku wakiimba. Mmoja yuko mbele anaita, wengine wote wanaitikia, na miguu yao inapiga chini kwa pamoja. Wa mbele ndiye mume wangu. Wakurugenzi wenye madereva wao, siku hiyo wote wako nyuma ya fundi wa mageti.

"Nani amelala?" anaita.

"Siyo sisi!"

"Nani amelala Kizota?"

"Siyo sisi!"

Na mimi ndani nimelala! Mimi Evodia, Mngoni wa Songea, mama ntilie. Siku zote naamka kiza kuwasha moto wa supu ya mafundi, Jumamosi peke yake ndiyo siku yangu ya kuvuta shuka. Basi watu wazima na akili zao wanakuja kunipigia kelele dirishani. Nilimfuata Gerson nikamwambia, "Baba, Dodoma nzima hii ina barabara, lazima mpite kwangu?" Akacheka tu. Walipita kwangu kwa sababu ndipo walipomchukulia mwimbishaji wao. Kila nilipokutana naye nilirudia ombi hilohilo, na kila mara alicheka.

Sasa niwaambie alikoitoa hiyo kazi ya kuita, maana bila hilo hamtamwelewa. Matonya kazaliwa Buigiri, na kwao hapakuwa mbali na shule ya watoto wasioona. Alikuwa anachunga ndama wa baba yake, na jioni akishawafungia anakwenda kucheza na watoto wa shule. Mchezo wao ulikuwa mmoja. Yeye anakimbia mbele anaimba, wao wanashikana mikono wanaifuata sauti. Siku moja pumzi ikamwishia. Akainama kushika magoti, akanyamaza kidogo tu. Alipogeuka wametawanyika, kila mtu upande wake, na binti mmoja kaingia kwenye miba ya mgunga analia. Alinisimulia hayo tukiwa wachumba, na yeye mwenyewe machozi yakamlengalenga.

"Evodia," akasema, "ukiwa mbele hunyamazi. Ukinyamaza, wa nyuma wanapotea."

Nikasema moyoni, huyu ndiye. Mwanaume anayelia kwa ajili ya mtoto wa watu aliyechomwa na miba hawezi kunipiga. Na kweli, hajawahi kuninyanyulia mkono. Ila ukaidi, Mungu wangu! Ule ukaidi wa Kigogo wa kukuangalia, kutabasamu, halafu kufanya alichotaka tangu mwanzo.

Alikuwa mkimbiaji kabla hata ya hiyo klabu. Ujana wake alikimbia kutoka hapa hadi Chamwino na kurudi, peke yake, jua likiwaka. Aliuwakilisha mkoa kwenye mbio ndefu. Wenzake wa rika lile walipoanza kukaa vijiweni na kucheza bao, yeye alizidisha. Kapita hamsini anakimbia vilevile, tena kwa hasira, unadhani anafukuzwa. Majirani waliougua presha aliwatania: "Njooni Jumamosi, mimi ndiyo hospitali yenu." Na walikuja, wakapona vitambi. Gerson mwenyewe presha yake ilishuka. Siwezi kukana, mbio zile ziliwafaa watu.

Mimi ndiye niliyeanza kusikia. Ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani, tumekula ugali wa uwele na mlenda, yeye kajinyoosha kwenye mkeka kivulini. Nikamlalia kifuani, mambo ya watu waliozeeka pamoja. Moyo wake ukapiga, ukasita, ukapiga haraka haraka, ukasita tena. Haukuwa na mwendo. Ulikuwa kama mbuzi waliofunguliwa zizini, hawajui nani atangulie.

"Baba Anitha," nikamwambia, "moyo wako una nini?"

"Umechoka maneno yako," akanijibu, akacheka, akalala.

Mimi sikucheka. Nikawa namwangalia. Nikamwona anakaa kwenye tofali katikati ya kazi, kainua miwani ya kuchomelea, anapumua kwa mdomo. Siku moja akiwa ameshika geti akayumba, geti likamwangukia mguuni. Hapo sikumwomba. Nilimkamata mkono nikamwingiza kwenye bajaji mbele ya wateja wake, na mdomo wangu ulivyo, mtaa mzima ulijua tunakwenda wapi.

Hospitali tulipokelewa na daktari Yudith, binti mdogo ambaye ningeweza kumzaa mimi mwenyewe. Alimwamkia mzee shikamoo, akambandika nyaya kifuani, mashine ikatoa karatasi ndefu yenye mistari. Akatuonyesha. Mistari ilipaswa kuachana nafasi sawasawa. Ya Matonya mingine ilikuwa imebanana, mingine imeachana mbali.

"Mapigo ya moyo yamepoteza mpangilio," akasema. "Mzee ulikuwa mwanamichezo?"

Matonya akajivuta kwenye kiti. "Ni mwanamichezo," akamsahihisha.

Nikadakia, "Ina maana mazoezi ndiyo yanamuua?"

"Hapana mama, usinielewe hivyo. Mazoezi ya wastani yanaulinda moyo, na wengi ninaowatibu hapa wameugua kwa kukaa. Ila wapo wachache, hasa wanaume waliokimbia mbio ndefu kwa nguvu miaka mingi, vyumba vya juu vya moyo vinatanuka, halafu vinaanza kutetemeka badala ya kupiga. Na mzee ana presha pia, hata kama haisikii."

Akatueleza hatari ilipo. Moyo ukitetemeka hivyo, damu haisukumwi yote, nyingine inabaki inaganda. Donge la damu likichomoka likapanda kichwani, ni kiharusi. Akampa vidonge vya kutuliza mapigo na vingine vya kuzuia damu kuganda. Hivi vya pili alivirudia kwa kidole juu: kila siku, bila kuruka hata siku moja. Akasema pia kwamba vinafanya kidonda kichelewe kukauka, tusishtuke.

"Na mbio?" Matonya akauliza. Sauti ilikuwa ya mtoto anayeuliza kama atachapwa.

"Punguza, mzee wangu. Tembea. Ukikimbia, kimbia pole. Kipimo chake rahisi: kama unaweza kuongea na mwenzako huku unakimbia bila kuhema, hapo hujazidisha."

Jamani, kile kipimo! Nilimwona mume wangu uso unang'aa, nikajua tumekwisha. Yule binti hakujua anaongea na nani. Tangu enzi za ndama wa Buigiri, Matonya anaimba akiwa kwenye mwendo ambao mimi na wewe tungedondoka. Mapafu yake yalizoea hivyo. Kipimo cha watu wa kawaida kwake hakikupima kitu.

Tulipotoka nje akaniambia, "Umemsikia daktari. Kuongea tu anataka. Mimi naimba."

"Weee! Usimtie maneno mdomoni mtoto wa watu! Kasema pole!"

"Anayeimba si ndiye anakwenda pole?"

Nilirudi ndani kumtafuta daktari nimweleze, nikaambiwa kaingia wodini, nisubiri. Nikasubiri. Matonya kachoka, anataka kwenda zake. Tukaondoka. Safari iliyofuata kliniki nilimweleza daktari kila kitu, naye akamkataza waziwazi, akamfokea kabisa, na mume wangu akaitikia "ndiyo daktari, ndiyo daktari". Jumamosi ya wiki ile ile akavaa viatu.

Nilifanya nini? Nilifanya yote. Nilificha viatu, akakimbia na makobazi ya tairi. Nilinuna, nikamnyima maneno siku mbili, na kwa mtu kama mimi hiyo ni adhabu yangu mwenyewe. Nililia. Mwishoni nilimkalisha chini, nikamuuliza kwa upole, "Baba Anitha, unataka nini huko? Wakurugenzi wakuitikie? Sawa, wamekuitikia vya kutosha. Kaa na mimi."

Akasema, "Nikikaa nausikia. Hapa kimya kimya nausikia unavyohangaika kifuani, naogopa, Mama Anitha. Nikiwa na wale watu, miguu yote ile inapiga chini kwa pamoja, siusikii. Nafikiri umepona."



Halafu ikaja bonanza. Klabu ya Kondoa ilikuwa inatutembelea, na kwenye mbio hizi kuna desturi yao: mwimbishaji wa wenyeji anaita tangu mwanzo hadi mwisho. Akipokewa na mwingine njiani, wageni wanawazomea wenyeji mwaka mzima, kila wakionana. Wiki chache kabla, Matonya alikuwa ameteleza kwenye kokoto, goti likachubuka, na kwa ajili ya vile vidonge damu ikachelewa kukata. Ikapenya kitambaa, ikaingia kwenye soksi. Wenzake wakashtuka. Mmoja akasema dawa hizo zimemgeuza damu kuwa maji. Lile neno likamkaa. Mtu mzima, mwimbishaji, aje avuje damu mbele ya watu wa Kondoa!

Basi akaacha kumeza. Kila asubuhi nilimpa vidonge na chai kwa mkono wangu mwenyewe, akatia mdomoni, akanitabasamia. Ijumaa nafua ovaroli lake, natia mkono mfukoni, nakuta vidonge vimelainika kwa mate na kugandana na vumbi la chuma. Vilevile vya damu. Vya mapigo alikuwa anavimeza.

Nilipiga kelele mpaka mafundi wa nyumba ya pili wakazima mashine. "Unataka kuniachia nini? Mageti?" Akachukua kidonge kipya akakimeza mbele yangu, akafungua mdomo nione. "Jumatatu nitarudia vyote," akasema. "Bonanza likiisha. Haki ya Mungu."

Nikaenda kwa Gerson. Nilikwenda na kanga ya kufulia, hata mikono haijakauka. "Mkatazeni," nikamwambia. "Mwekeni mwingine mbele."

"Mama, naomba unielewe," akasema, na kweli alikuwa na huzuni. "Tumemwomba apumzike. Tumemwandaa Damas, yule dereva. Mzee kasema Damas akikaa mbele, yeye atakimbia pembeni na bado ataita. Tumfunge kamba?" Halafu akaongeza kwa sauti ndogo, "Na sisi tunamwona ana nguvu kuliko sote, mama. Mtu mgonjwa anaimba vile?"

Jumapili ya bonanza nilisimama kando ya barabara ya Singida, mikono kichwani. Walikwenda, nikawasubiri. Walirudi, na sauti yake ilifika kabla yao. "Nani amelala Kondoa?" Haikutikisika hata mara moja. Fulana zetu za njano na za bluu za wageni, zote nyuma yake zilikuwa zinaitikia, vumbi limepanda, watoto wanakimbia mitaroni, na mimi, nisameheni, nilijisikia fahari. Wageni walimbeba mabegani. Aliponiona akapaza sauti, "Mama Anitha, umeona?"

Nikasema nimeona.

Jumatatu asubuhi nilimwekea uji, na vidonge nikaviweka pembeni ya kikombe. Alikuwa ananisimulia jinsi mwimbishaji wa Kondoa alivyomwomba amfundishe. Akanyoosha mkono achukue kidonge. Ninaapa, mkono ulikuwa unaelekea kwenye kidonge. Ukaangukia uji. Kikombe kikapinduka. Nikasema, "Loo, mbona unamwaga?" Nikamtazama, mdomo wake ulikuwa umekwenda upande. Alitaka kuniambia kitu. Macho yalikuwa yanasema, mdomo unatoa mate.

Mafundi walimbeba. Tulifika hospitali upesi, watu walifanya walichoweza, sina wa kumlaumu. Daktari Yudith alinikuta kwenye benchi, akakaa karibu yangu. Hakuniuliza kuhusu vidonge. Aliniambia kwamba mkono na mguu wa kulia unaweza kurudi kidogo kwa mazoezi. Maneno, hakuahidi.

Tulirudi nyumbani. Klabu ilikuja na sukari, sabuni na sala. Damas alimchomelea fimbo ya chuma ya kutembelea, akaikunja vizuri kama Matonya alivyomfundisha kukunja nondo. Wakati wa kuondoka Gerson alinishika mikono yote miwili. "Mama, naomba tukuhakikishie, hatutapita tena hapa Jumamosi. Tumebadilisha njia. Hatutaki mzee aumie akitusikia." Miaka yote ile nilimwomba hilo akacheka. Nikamshukuru.

Jumamosi ikafika. Kabla hakujakucha nikasikia anagonga ukuta kwa mkono wa kushoto. Nikadhani anataka choo. Akaonyesha viatu. "Vya nini, baba?" Akaonyesha tena, uso umekunjamana. Nikamvalisha, nikamfunga kamba, nikamkalisha kwenye kigoda mlangoni. Akageuza shingo kuelekea barabarani, akangoja. Upepo ulikuwa wa baridi, ule wa mwezi wa saba, unaoingia mifupani. Jua likachomoza, watu wakapita kwenda sokoni, muuza maji akamsalimia "mbukwa, mzee". Yeye anangoja. Nilipojaribu kumrudisha ndani akashika mlango.

Nikamweleza wamebadilisha njia. Akatikisa kichwa kwamba ameelewa. Jumamosi iliyofuata akagonga ukuta, akaonyesha viatu. Na iliyofuata. Kila wiki nafunga kamba za viatu vya mtu asiyekwenda popote, na wa kumpitia hawapo.

Nikarudi kwa Gerson. "Pitieni," nikasema. "Nawapigia magoti, pitieni dirishani kwangu."

Wakaja. Tuliwasikia kutoka mbali, miguu ile, na Damas anaita. Matonya akanyooka kwenye kigoda. Nusu ya uso wake ilitabasamu. Walipofika mbele ya mlango wakasimama wakikimbia papo hapo, na Damas akanyamaza. Wote wakanyamaza. Gerson ndiye aliyepanga hivyo kwa mapenzi yake: nafasi ya kuita ni ya mzee, asiijaze mtu. Wakamtazama wakisubiri.

Matonya akafungua mdomo.

"Na..." akasema. Mishipa ya shingo ikamtoka. "Na... na..."

Miguu iliendelea kidogo. Halafu, kwa kuwa hakuna anayeita, mmoja akawahi, mwingine akachelewa, wa nyuma wakapishana na wa mbele, na ule mpigo mmoja ukavunjika ukawa kelele tu. Nilikuwa nimeusikia mpigo ule kabla, Jumapili ile kwenye mkeka. Na yeye aliusikia. Niliona machoni.

"Nendeni basi!" nikawapigia kelele. "Damas, ita! Mnangoja nini? Nendeni!"

Damas akaita huku analia. Miguu ikashikana tena, wakaondoka, sauti ikapungua kuelekea relini mpaka ikaisha. Gerson aligeuka mara moja, akafuata wenzake.

Nikapiga magoti nimvue viatu. Akavuta ule mguu wake ulio mzima, akakataa. Alikuwa bado anajaribu, ametoa macho kwenye barabara tupu, jasho linamtoka kwenye baridi ile.

"Na... na..."

"Siyo sisi," nikaitikia.

Akanigeukia. Akanitazama sana, akameza mate.

"Na..."

"Siyo sisi, baba. Siyo sisi."

Akaanza tena.